Nina seliaki na harusi ya wifi inakuja, nakulaje bila kuonekana naringa?

Binti_Tabata:
Wadau habari zenu, naombeni ushauri kwa wanaoijua hii kitu maana nimechoka kujieleza. Nimegundulika nina seliaki, yaani mwili wangu haupatani kabisa na gluteni, ile protini iliyopo kwenye nafaka za ngano, shayiri na rai. Kipimo cha damu kilionyesha, wakaniingiza kamera kupitia mdomoni wakachukua kinyama cha utumbo wakakipima, majibu yakawa yale yale. Kabla ya hapo nimehangaika sana, damu inapungua, tumbo limejaa muda wote, huyu anasema vidonda vya tumbo yule anasema amiba, wengine walishaanza na habari za kutupiwa jini. Tangu niache ngano niko vizuri sana, na nyumbani kwangu sina shida yoyote, ugali upo, wali upo, ndizi zipo, maharage yapo.

Shida inaanza nikitoka nje ya geti. Mama mkwe ni mtu wa Tanga na mnawajua watu wa Tanga kwa mapochopocho, chai ya jioni bila maandazi au sambusa kwake sio chai. Ananipikia kwa mapenzi kabisa, nikimwambia mama mimi siruhusiwi ngano anajibu basi onja kipande tu mwanangu, na mume wangu pembeni ananikonyeza nionje yaishe. Sasa mwezi ujao kuna send-off ya wifi afu harusi inafuata, mimi ndo mke wa kaka mkubwa, siwezi kukaa mezani na chupa ya maji kama nimesusa.

Na kazini nako hivyo hivyo. Siku za kawaida mama ntilie namudu, ila ijumaa wenzangu wanapenda kwenda kwenye hoteli moja ya kisasa, nikamuuliza mhudumu kama kuku wao ana gluteni akaniambia "dada gluteni imeisha, labda uje kesho". Nilicheka ila njaa ilikuwa palepale.

Sasa mnawaambiaje watu? Na kwenye shughuli mnakula nini bila hofu, na vitu gani vinaonekana salama kumbe ngano imo ndani?

Mpishi_wa_Shughuli:
Pole dada. Mimi napika harusi, hitima, maulidi, vikao vya ofisi, nikupe ya jikoni ambayo mgeni haioni.

Pilau ni rafiki yako. Mchele, nyama, vitunguu, viungo, basi. Cha kuuliza ni kimoja tu, kama mpishi anatupia vile vidonge vya mchuzi, maana baadhi vimeandikwa ngano kwenye karatasi yake. Biriani ndo uiangalie. Wali wenyewe hauna neno, ila sisi wengi tunaziba mfuniko wa sufuria kwa donge la unga wa ngano ili mvuke usitoke, sasa ukija kubanduliwa lile donge limeshakauka linameguka na vipande vinaangukia humo humo. Vile vitunguu vya kukaanga vya juu navyo, wapo wanaovinyunyizia unga vikauke haraka. Kuku na samaki wa kukaanga uliza amepakwa nini kabla ya kuingia kwenye mafuta. Bagia, ile ya dengu tupu ni salama kwako ila unga wa dengu una bei so wengine wanaongezea ngano. Katlesi zinaviringishwa kwenye chenga za mkate. Vitumbua vya mchele mtupu kula, lakini muulize aliyepika maana kuna mafundi wanatia ngano kidogo vishikane. Soseji sitazisemea, hata mimi sijui kila kilichomo.

Halafu mafuta jamani. Hapa ndo watu wengi wenye hali yako wanaumia na hawajui wameumia wapi. Siku ya shughuli sambusa zinaanza mapema kabla ya kitu kingine, karai ni lile lile, mafuta yale yale, baadae zinaingia chipsi, baadae kuku. Ule unga unaozama chini ya karai hauendi popote. Kwahiyo chipsi ambazo we unaona ni viazi tu zimeshaoga kwenye mafuta ya sambusa.

Jinsi ya kusema: usinifuate siku ya shughuli watu mia nne wanasubiri chakula, nitakwambia "sawa dada" na nitasahau hapo hapo, nakwambia ukweli. Nenda kwenye vikao vya harusi, mshike mwenyekiti wa kamati ya chakula, yeye anipigie wiki moja kabla. Mimi nakupakulia sahani yako moja kwa moja kutoka kwenye sufuria kabla chakula hakijaenda kwenye meza ya bufee, nafunga na foili naandika jina, hainigharimu kitu. Bufee usiitegemee kabisa maana kijiko cha tambi watu wanakihamishia kwenye wali na cha mchuzi wa nyama kinaishia kwenye chapati.

Na ukiongea na mpishi sema "ngano", taja chapati, tambi, soya sosi, unga wa kuzitisha mchuzi, mwambie nikila nalazwa. Mpishi hataki mtu alazwe kwa chakula chake, jina linaharibika.

Mzee_wa_Kijiwe:
Magonjwa mengine haya yanatoka kwenye simu. Babu zetu walikula kila kitu na hawakujua seliaki wala nini, ni ya wazungu hayo. Onja chapati ya mama mkwe binti yangu, ndoa ni kuvumiliana.

Kijana_wa_Maabara:
Mzee shikamoo, ila babu zako walikula ngano lini? Babu yangu mimi wa Singida kala uwele na mtama maisha yake yote, mkate wa dukani alikuwa anauona sikukuu. Sisi ndo tunaoanza siku na chapati, saa nne andazi, jioni tambi.

Na hiyo ya wazungu sio kweli. Kundi ambalo limewahi kupimwa likakutwa na seliaki nyingi kuliko wote ni Wasahrawi, Waafrika wenzetu kabisa wa Sahara Magharibi, mwaka 1999 zilichapishwa takwimu za watoto wao, asilimia 5.6 walikuwa nayo. Dunia nzima kwa makadirio ni kama mtu 1 kwenye kila 100.

Sasa hili la kuonja, dada muonyeshe mumeo hii. Slesi moja ya mkate wa kawaida ina gluteni kama gramu 2 hivi au zaidi. Kuna utafiti wa Waitaliano wa 2007 waliwapa watu wenye seliaki miligramu 50 tu kwa siku kwa miezi 3, na utumbo ukaanza kuharibika. Miligramu 50 ni sehemu ya arobaini ya slesi, ni yale makombo unayoyafuta mezani kwa mkono. Ndo maana chakula kikitaka kuandikwa hakina gluteni kimataifa kikomo ni miligramu 20 kwa kilo. So kipande cha "onja tu" kiko juu huko mbali, na mbaya zaidi unaweza kula usisikie kitu siku hiyo lakini ndani utumbo unachubuka.

Kingine ambacho hujauliza ila ni muhimu, watoto wako na ndugu zako wa damu wapimwe, hatari yao iko juu kuliko mtu wa kawaida. Na WASIACHE ngano kabla ya kupima, kipimo kinatafuta askari ambao mwili unawatengeneza ukipambana na gluteni, ukishaacha kula askari wanapungua na majibu yanatoka safi wakati ugonjwa upo. Naona watu wengi wanaacha kwanza afu ndo wanakuja maabara.

Na mashine za kusaga! Unga wa muhogo, mtama, ulezi, uji wa lishe, kama mashine inasaga na ngano basi mteja wa kwanza baada ya ngano anaondoka nayo. Uji wa lishe wa kununua soma vizuri, mwingi una ngano imo kabisa kwenye mchanganyiko.

Mtoto_wa_Mvita:
Salaam dada. Bibi yangu anayo hii kitu na sisi ni watu wa Mombasa, kwa hivyo fikiria. Huku kwetu shida si bufee, shida ni sinia. Mwaitwa harusini mwakaa wanne watano kwa sinia moja, kila mtu atia mkono wake, mmoja ameshika chapati achovya mchuzi ule ule, mwengine amevunja sambusa juu ya wali. Biriani iwe safi vipi, kwa sinia imekwisha haribika.

Twafanya hivi: akienda shughuli huenda na dada zake wawili wanaojua hali yake, wakaa sinia moja wao watatu na hakuna chapati itakayotua pale. Hakuna anayejua kitu, kwa mtu wa mbali ni madada tu wamependana. Hilo la kuletewa sahani peke yake kando alilikataa kabisa, asema aonekana kama mgonjwa wa wadi.

Ramadhani mimi niliogopa sana mwanzo, kumbe futari ndiyo wakati wake mzuri. Hesabu mwenyewe: muhogo wa nazi, viazi vitamu, ndizi mbichi za nazi, magimbi, mbaazi za nazi, uji wa mchele, tende. Hivyo vyote havina ngano. Yeye hukaa upande huo wa meza, upande wa kaimati, tambi na sambusa awaachia wenyewe. Siku za kawaida asubuhi badala ya mahamri na mbaazi hula vibibi na mbaazi au mkate wa kumimina, na hivyo ni vya mchele tangu zamani si vya kubuni.

Vya kuviogopa: boko boko, hiyo ni ngano yenyewe iliyopondwa na nyama, na machoni yafanana na wali wa kupondwa, wageni wengi hawajui. Viazi karai, ule unga wa nje kwa wauzaji wengi ni ngano. Urojo mukienda Unguja, uzito wake mara nyingi ni unga wa ngano. Halua, muulize fundi ametumia wanga wa nini. Na hoteli za Kihindi, dosa na idli ni mchele na dengu na ni nzuri sana kwake, lakini ule mchuzi wa sambar hutiwa kiungo cha mvuje, na mvuje wa unga wa kopo huwa umechanganywa na unga wa ngano. Hilo alituambia mwenye hoteli mwenyewe, mzee wa Kigujarati, nikamshukuru sana.

Mbongo_Milano:
Huku Italia nilipo mambo ni mepesi mpaka aibu. Seliaki inatambuliwa kwa sheria tangu 2005 na wenye nayo wanapewa kiasi fulani kila mwezi cha kununulia vyakula vyao, na Ulaya nzima tangu Desemba 2014 mgahawa lazima uweze kukwambia kama chakula kina nafaka zenye gluteni, ni kati ya vitu 14 ambavyo wanalazimika kuvitaja. Ila niwaambie ukweli, mke wangu akija likizo Bongo anakula kwa raha kuliko huku. Huku kila kitu asili yake ni ngano wanakitengeneza upya bila ngano, na bei yake mtaniambia. Huko unaomba samaki wa kuchoma, ugali na kachumbari, umemaliza.

Cha kusaidia labda kwa wanaosafiri: kwenye ndege omba mlo unaoitwa GFML, yaani mlo usio na gluteni, ndo jina lake la kifupi kwenye mashirika ya ndege, omba wakati wa kukata tiketi au angalau saa 24 kabla. Na beba ndizi zako hata hivyo, kuna wakati wanakusahau.

Regina_wa_Moshi:
Naongezea la kanisani maana hakuna aliyeligusa. Kama ni Mkatoliki, hostia, ule mkate wa komunyo, ni ngano. Mdogo wangu anayo seliaki na alikuwa anaogopa kukomunika. Kumbe zipo hostia zenye gluteni kidogo sana na zinaruhusiwa, isipokuwa isiyo na gluteni kabisa hiyo haikubaliki, Roma walishalisema hilo 2003 wakalirudia 2017. Na kama hata hiyo kidogo inakudhuru unaweza kukomunika kwa divai peke yake, lakini iwe kikombe ambacho padre hajadumbukizia kipande cha hostia. Ongea na paroko mapema kabla ya misa ya ndoa, usije ukafika mbele ya altare ndo uanze kunong'onezana.

Ukweni kwa mama mkwe mimi ningeacha kukataa chakula ningeanza kupika. Nenda na mchele wako ulioloweka na nazi, mwambie mama leo nifundishe vitumbua vya kwenu. Mama wa Tanga ukimwambia akufundishe kupika huna tena kesi. Ila kikaango beba cha kwako, hicho chake kimepika chapati miaka yote. Akiuliza sema daktari kasema, madaktari wanabebeshwa lawama kila siku hawatakufa kwa hiyo moja.

Mzee_wa_Kijiwe:
Kijana wa maabara marahaba, nimekusoma, hiyo ya Sahara sikuwa naijua. Sasa nijibu, na bia je?

Kijana_wa_Maabara:
Hahaha mzee umeingia mwenyewe. Bia ya kawaida ni shayiri, hairuhusiwi, na vile vinywaji vya kimea visivyo na kilevi navyo ni hivyo hivyo hata kama wanampa mtoto. Wine iko sawa. Mbege ya asili ni ndizi na ulezi, ulezi hauna gluteni kwahiyo yenyewe haina tatizo, labda useme wamesagia wapi huo ulezi.

Mzee_wa_Kijiwe:
Basi ugonjwa wa kistaarabu huu, umeacha mbege.

Binti_Tabata:
Jamani nimesoma zote mpaka nimemsomea mume wangu, hiyo ya makombo ya mezani ndo imemnyamazisha, kaenda kufuta meza mwenyewe. Mwenyekiti wa kamati ya chakula ni baba mdogo wake so hiyo imeshaisha, atampigia mpishi. Vitumbua naenda jumapili na kikaango changu.

Limebaki moja ambalo usiku silali. Keki. Pale ukumbini maharusi wanalisha keki wazazi, kaka, na wake za kaka, MC anataja jina lako kwa maiki, unapiga goti, kamera ziko usoni, wifi kashika kipande kwenye uma. Hapo nasemaje?

Regina_wa_Moshi:
Kuna ndafu? Kama kuna ndafu umepona, sisi Wachaga tulishamaliza hilo tatizo zamani, mbuzi mzima amesimama na majani mdomoni na tunamuita keki. Mwambie wifi kwenye keki amlishe mumeo na mama, wewe akulishe ndafu, na MC apewe orodha iliyoandikwa hivyo hivyo. Watu watashangilia ndafu kuliko keki, nakuhakikishia.

Mpishi_wa_Shughuli:
Ila muulize mchoma ndafu amempaka nini. Wa zamani ni chumvi na limao tu, hawa wa mjini siku hizi wanampaka soya sosi ang'ae kwenye picha, na soya sosi nyingi zimetengenezwa na ngano. Mwambie paja moja la nyuma asipake, akukatie humo, na kisu kisiwe kile kilichokata keki, nimeshaona wanakitumia hicho hicho.

Ndafu kama haipo, ongea na fundi wa keki akutengenezee kikeki kidogo cha unga wa mchele na mayai, akiweke kwenye sahani yake pembeni na rangi ile ile ya keki kubwa. Akipike cha kwanza kabla hajafungua mfuko wa ngano siku hiyo, maana unga unapaa hewani unatua kila mahali.

Binti_Tabata:
Ndafu ipo, bwana harusi ni wa Machame. MC nampigia sasa hivi.